Wenzangu walisinzia, mimi silali: kwa nini filamu moja ya kutisha inatugawa hivi?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma chuo hapa Iringa. Wiki tatu zilizopita tulikusanyika watu sita geto kwa mwenzetu kule Kihesa, tukatazama muvi inaitwa Skinamarink ambayo jamaa aliipata kwenye flashi. Taa tulizima. Wawili walilala hata nusu saa haijaisha. Mmoja alikuwa anachati na kucheka, akasema ni upuuzi, mtu anarekodi dari na makochi saa nzima. Mwingine akasema hajawahi kuona kazi nzuri kama ile. Dada mmoja alitoka nje katikati akagoma kurudi. Mimi nilitazama mpaka mwisho, na tangu siku hiyo silali. Naogopa korido ya hosteli. Mara mbili nimekabwa usiku: naamka siwezi kusogeza hata kidole, na naona mtu amesimama mlangoni. Mjomba anasema muvi hizo zina mapepo na nimejifungulia mlango mwenyewe. Wenzangu wananicheka kwamba mtu mzima naogopa dari. Halafu mdogo wangu wa miaka tisa aliona kipande kwenye simu yangu nilipokwenda nyumbani Mafinga, sasa hataki kulala bila mama. Labda niseme pia kwamba baba alifariki nikiwa darasa la pili. Je, mimi ni dhaifu? Nikiitazama tena mchana kweupe nitapona? Au akili yangu imeharibika?"*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa wiki tatu za namna hiyo. Usiku wa kukosa usingizi ni mrefu popote, na kwa baridi ya Iringa, ukiwa peke yako kwenye hosteli iliyonyamaza, ni mrefu zaidi.

Nianze na jibu fupi ili usisome yanayofuata ukiwa na roho juu. Akili yako haijaharibika. Wewe si dhaifu. Hakuna kitu kilichokuingia. Yote uliyoeleza, hata huyo mtu wa mlangoni, yana sababu zinazofahamika, na mengi unaweza kuyarekebisha ukiwa hapo hapo hosteli. Ipo sehemu moja ya barua yako ambayo ningependa uizungumze na mtu ana kwa ana, na nitaifikia.

Kwanza tuitazame filamu yenyewe, maana bila hivyo hatutaelewa kwa nini watu sita wa chumba kimoja walitoka kila mmoja na lake. Skinamarink ilitengenezwa na Mkanada Kyle Edward Ball, ndani ya nyumba aliyokulia katika mji wa Edmonton, kwa bajeti ya kama dola 15,000 za Marekani. Ilionyeshwa kwenye tamasha mwaka 2022 na kuingia kumbi za sinema Januari 2023, ikaingiza zaidi ya dola milioni 2. Kabla ya hapo Ball alikuwa na chaneli ya YouTube ambako watazamaji walimsimulia ndoto zao mbaya, naye akazigeuza kuwa filamu fupi. Hadithi yenyewe inasimulika kwa sentensi moja: mwaka 1995 watoto wawili, Kevin wa miaka 4 na dada yake Kaylee wa miaka 6, wanaamka usiku na kukuta baba hayupo, na milango na madirisha ya nyumba yanatoweka.

Hiyo hadithi, hata hivyo, huioni ikitendeka mbele yako. Unachokiona ni dari, pembe za kuta, zulia, vitu vya kuchezea vilivyotawanyika, televisheni inayorusha katuni za zamani. Nyuso za watu karibu hazionekani kabisa. Picha imejazwa chengachenga, sauti imejaa mvumo, na maneno yananong'onwa kiasi kwamba mengine yameandikwa kwenye skrini. Inakwenda hivyo kwa dakika 100. Rafiki yako aliyesema mtu anarekodi dari hakukosea. Ni kweli ni dari. Aliyesema ni kazi nzuri naye hakukosea, kwa sababu filamu hii imeacha nafasi tupu kwa makusudi na kumwachia mtazamaji aijaze.

Dereva yeyote wa kwetu huku Mbeya anayepanda kutoka Uyole kwenda Tukuyu asubuhi ya ukungu anaijua hali hiyo. Kwenye ukungu, mgomba ulio kando ya barabara unakuwa mtu, na mtu anakuwa watu wawili. Macho yake ni mazima. Ubongo ndio haupendi kukaa bila jibu: ukipewa taarifa chache unakisia, na kwa usalama wetu umezoea kukisia kiumbe hai kwanza, hasa uso wa mtu. Kukosea ukadhani mgomba ni mtu hakuna hasara. Kukosea kinyume chake kunaweza kukugharimu. Chengachenga za Skinamarink zinafanya kazi hiyo hiyo kwa makusudi. Ukiitazama kwa makini gizani utaona nyuso ambazo nyingine hazikuwekwa na mtu yeyote. Umeziweka wewe.

Sasa hofu yenyewe. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kupiga kengele haraka hata kabla hujajua kengele ni ya nini. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, nywele zinasisimka. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inakuja baadaye kidogo kukagua: ni nini kile, ni hatari kweli? Filamu nyingi za kutisha zinakuruhusu ukague. Zimwi linatokea, unapiga kelele, unaona kwamba meno yake ni ya plastiki, unacheka, mwili unashuka. Skinamarink inapiga kengele kisha inaficha cha kukagua. Hakuna zimwi la kuliona na kulimaliza. Ndiyo maana ilipokwisha wewe hukupata ile pumzi ya "afadhali imeisha". Kengele iliondoka na wewe mpaka hosteli, na korido ya hosteli usiku, pembe zake na mwanga wake hafifu, inafanana mno na picha za filamu ile.

Turudi kwa watu sita wa Kihesa. Wawili waliolala hawana moyo wa chuma. Chumba cheusi, sauti ya mvumo usiobadilika, picha isiyosogea: mtu aliyekuwa darasani tangu asubuhi atalala tu, na aliyelala hakuipa filamu nafasi ya kumfanyia lolote. Aliyekuwa anachati alikuwa na mwanga wa simu usoni na mazungumzo mengine kichwani, kwa hiyo ubongo wake ulikumbushwa kila baada ya muda kwamba yupo geto na watu anaowajua. Inawezekana kucheka kwake nako kulikuwa njia ya kujikinga. Wengi hucheka wakiwa na hofu. Aliyeisifu ni wa kundi linalofahamika. Watafiti wanaochunguza mashabiki wa filamu za kutisha, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Aarhus huko Denmark, wamekuta kwamba wapo wanaopenda msisimko wenyewe, wapo wanaotazama ili wajijue wanavumilia kiasi gani, na wapo wanaozitumia kuzoea wasiwasi wao wa maisha ya kila siku. Dada aliyetoka nje, kwa maoni yangu, alifanya jambo la busara kuliko nyote. Alisikia mwili wake unamwambia inatosha, akausikiliza.

Wewe ulizama, na hukutoka. Uwezo wa kuzama katika hadithi unatofautiana kati ya mtu na mtu, na si ugonjwa. Watu hao hao ndio wanaolia wakisoma riwaya, na ndio wanaosikiliza bibi akisimulia wakaona kila kitu. Uwezo huo ni mali, ila kwa filamu ya aina hii unaufanya mzigo uwe mzito.

Na msifikiri mgawanyiko huo ni wenu peke yenu. Wahakiki wengi waliisifu, huku watazamaji wa kawaida wakigawanyika vikali: wengine wakisema ndiyo filamu iliyowaogofya kuliko zote maishani, wengine wakisema wameibiwa muda wao. Mimi mwenyewe naiona ni kazi ya dhati, ya mtu anayejua hasa hofu ya utotoni inakaaje, ingawa naona ingepungua nusu saa isingepoteza kitu. Aliyechoshwa nayo hana haja ya kuambiwa "hujaelewa". Kuchoshwa ni jibu halali kwa filamu isiyoonyesha kitu, na kuogopa ni jibu halali pia.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo hapa lina uzito. Wengi wetu tumejifunza kutazama muvi kwenye kibanda umiza, watu wamebanana kwenye mabenchi, dijei anatafsiri kwa mbwembwe, mtu wa nyuma anamwonya jambazi kwa sauti kwamba polisi wanakuja. Kelele ile inalinda. Hofu ya mmoja inagawanywa kwa watu arobaini, na dijei akiongeza utani kengele inashuka yenyewe. Filamu kama Skinamarink haina mazungumzo ya kumpa dijei kazi. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, gizani, aliyenyamaza, na wewe uliipokea hivyo hivyo. Mkiwa sita, lakini wawili wamelala, mmoja yuko kwenye simu, mmoja ametoka nje: kwa hesabu hiyo ulikuwa karibu peke yako.

Kuhusu udhaifu, nikupe ushahidi. Mwaka 1999 watafiti Kristen Harrison na Joanne Cantor waliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani kama wamewahi kutazama filamu au kipindi kilichowaogofya, hofu ikabaki hata baada ya kumaliza. Karibu 9 kati ya 10 walisema ndiyo. Robo hivi walisema bado wanayo mpaka siku ile, wakati wengine walikuwa wametazama wakiwa watoto. Hao ni vijana wa umri wako, wenye afya zao. Ukiwauliza hao hao wanaokucheka, ukimpata mmoja mmoja pembeni, nadhani utasikia kila mmoja ana muvi yake.

Nimefika kwenye sehemu niliyoitaja mwanzoni. Umeandika, "Labda niseme pia kwamba baba alifariki nikiwa darasa la pili." Sentensi moja, umeitanguliza na "labda", kisha umekimbilia swali lingine. Mdogo wangu, filamu uliyoitazama inahusu watoto wadogo wanaoamka usiku na baba hayupo. Sidai kwamba ndiyo sababu yote, na si haki kwangu kumpima mtu kwa barua. Lakini nimekwambia kwamba filamu hii inamwachia mtazamaji ajaze mwenyewe, na mtu hujaza kwa alichonacho. Kwa mwenzako aliyekulia na wazazi wote wawili, nyumba isiyo na baba ni wazo tu la mtunzi. Kwa aliyekulia Njombe na kukumbuka mwanzo wa mwaka 2019, watoto walipokuwa wakiuawa na wazazi hawathubutu kumwachia mtoto atembee peke yake, picha ya watoto wawili peke yao gizani haiwezi kuwa burudani. Na wewe ulikuwa darasa la pili, umri usiopishana sana na wa watoto wale, ulipoamka ukakuta nyumba imebadilika na pengine hakuna mtu mzima aliyekuwa na nguvu za kukueleza. Katika misiba yetu watoto hupelekwa kwa jirani, wanaambiwa "baba amesafiri" au hawaambiwi kitu. Inafanywa kwa upendo, ila mtoto anabaki na maswali yake, na maswali hayo hayazeeki.

Kama nilichoandika hapa kimekugusa, usihangaike nacho peke yako. Anza na mama, siku ya utulivu, umwombe akusimulie siku zile zilikuwaje: nani alikuwepo nyumbani, wewe ulikuwa wapi, ulisema nini. Kama kwa mama ni pagumu, mtafute shangazi au mshauri. Hofu ya dari inaweza kupungua sana mtu akipata pa kuuliza kuhusu baba.

Mjomba wako anakupenda na ana wasiwasi na wewe, kwa hiyo usimjibu kwa dharau. Ukiwa mtu wa sala, sali; sala kabla ya kulala inatuliza mwili, na nimeona ikiwasaidia wengi. Ninachokuomba ukatae ni kupelekwa mahali utakapokeshwa usiku kucha, kulazimishwa kufunga chakula siku nyingi au kupigwa ili "kitu kitoke". Sababu yangu ni ya kitaalamu kabisa: kukosa usingizi ndiko kunakoleta hilo linalokukaba.

Hali hiyo babu zetu waliiita jinamizi. Inatokea hivi. Usingizi unakwenda kwa vipindi, na kimojawapo ndicho chenye ndoto nyingi na zilizo wazi. Katika kipindi hicho ubongo unazima misuli karibu yote ya mwili, isipokuwa ya macho na ule mkuu wa kupumulia, ili usije ukainuka na kukimbia huku unaota. Mara nyingine fahamu zinaamka kabla misuli haijawashwa. Unaona chumba chako, kitanda chako, mlango wako, lakini mwili haukutii, na ndoto haijazimika bado, kwa hiyo inaendelea juu ya picha ya chumba halisi. Kifua kinabana kwa sababu unajaribu kuvuta pumzi kubwa na misuli ya kifua inayosaidia pumzi hiyo haiitikii. Na kwa kuwa kengele ya hofu inalia, ubongo unaweka kiumbe chumbani: mzee, kivuli, mtu mlangoni. Watu wa mataifa mbalimbali wanaelezea hali hii kwa namna zinazofanana sana, hata wasiojua Skinamarink ni nini. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba watu karibu 8 kati ya 100 wamewahi kupatwa nayo, na kwa wanafunzi ni karibu 28 kati ya 100. Wanafunzi ni wengi hivyo kwa sababu hawalali vizuri. Inaongezwa na usingizi uliokatikakatika, msongo wa mawazo, na kulala chali.

Kwa hiyo ikikujia tena, usipigane na mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu au kwenye ulimi, ukisogeze kidogo kidogo, na jiambie kwamba ni jinamizi na kwamba litapita kwa sekunde au dakika chache. Lala kwa ubavu. Lala na kuamka saa zile zile hata Jumapili. Acha taa ndogo iwake kwa sasa, hakuna aibu, kisha ipunguze taratibu wiki zinavyokwenda. Na tafadhali usinunue vidonge vya usingizi dukani bila kuandikiwa, wala kunywa piritoni kila usiku ili usinzie, wala pombe. Vinakulaza lakini vinauvuruga usingizi wenyewe, na baada ya muda unakuwa na matatizo mawili.

Mchana je, picha zikikujia ukiwa darasani? Najua unazifukuza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasifikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila wakimfikiria. Kengele hazikuisha. Na waliporuhusiwa kumfikiria, wale waliokatazwa mwanzoni walimfikiria kuliko wenzao. Wazo unalolifukuza linarudi na wenzake. Likija, liache lipite: "hiyo ni picha ya ile muvi", kisha rudi kwenye ulichokuwa unafanya. Kazi za macho na mikono husaidia. Watafiti wa Oxford mwaka 2009 waliwaonyesha watu filamu za kusumbua, na waliocheza Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali, nusu saa baadaye, walisumbuliwa na picha chache zaidi wiki iliyofuata, kwa sababu mchezo unaishughulisha sehemu ile ile ya ubongo inayohifadhi picha. Nguvu ya njia hiyo ni katika saa na siku za mwanzo, kwa hiyo wewe usiitegemee sana sasa. Lakini kufuma, kuchora, kucheza draft, chochote kinachoshika macho na mikono jioni, ni bora kuliko kujifunika gubigubi ukisikiliza korido.

Umeuliza kama uitazame tena mchana. Hapa nitakuwa mkweli kwa pande zote. Ni kweli kwamba sisi tunatibu hofu kwa kumkaribisha mtu kwenye anachokiogopa, hatua kwa hatua. Lakini hatua kwa hatua ndiyo siri yake. Ukiwasha filamu yote, hofu ikapanda mpaka juu, ukaizima kwa kukimbia, utakuwa umeufundisha mwili kwamba kweli ilikuwa hatari na kukimbia ndiko kumekuokoa. Utatoka na hofu kubwa zaidi. Kwa hiyo usifanye hivyo wiki hii, wala ukiwa peke yako. Usingizi ukishatulia, ukiwa na hamu mwenyewe, unaweza kukaa na rafiki mwenye utu mchana, dirisha wazi, sauti imezimwa, mkatazama dakika chache tu za mwanzo kwenye simu, mkabaki hapo hapo mpaka moyo ushuke ndipo mzime. Siku nyingine mnaongeza. Kabla ya hapo, fuatilia jinsi ilivyotengenezwa: nyumba ya wazazi wa mtengenezaji, kamera, taa, vitu vya kuchezea vya watoto. Kujua nyuma ya pazia kunaupa ubongo ile nafasi ya ukaguzi ambayo filamu iliuficha. Chaguo lingine, ambalo nalipenda kwako zaidi, ni kuachana nayo kabisa. Hakuna mtihani wa Skinamarink chuoni. Unachohitaji kukizoea upya ni korido, maana hiyo utaipita miaka yote iliyobaki. Ipite mchana, uipite jioni na mwenzako, kisha jioni peke yako, na kila mara simama katikati kidogo badala ya kukimbia.

Sasa mdogo wako. Mtoto wa miaka tisa yuko njia panda: akili yake inajua kwamba muvi si kweli, lakini mwili wake bado haujaamini. Kwa watoto wadogo zaidi, "si kweli ile" haisaidii kitu. Wanahitaji kushikwa, kukumbatiwa, kupewa cha kushika. Kwa umri wake fanyeni yote mawili. Mama amruhusu alale karibu naye kwa siku chache bila kumgombeza na bila kumtisha kwamba zimwi litamchukua asipotulia, kisha amrudishe kitandani kwake taratibu, mlango ukiwa wazi. Wewe mpigie simu, umweleze kwa maneno rahisi kwamba mjomba fulani wa Kanada alichukua kamera akarekodi nyumba yao na kuzima taa. Mwambie achore alichokiona, halafu achore mwisho anaoutaka yeye. Na funga simu yako kwa namba ya siri. Simwoni kama mgonjwa, lakini si jambo la kupuuza. Mwaka 1994 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha habari za wavulana wawili wa miaka 10 waliopata msongo mkali wa baada ya tukio kwa sababu ya kipindi cha kutisha cha BBC kilichorushwa Oktoba 1992. Kama baada ya wiki chache bado anaogopa kwenda chooni mchana, anakojoa kitandani wakati alishaacha, au anakataa shule, apelekwe hospitali.

Watu wazima nao hutokea. Mwaka 1975 daktari wa Marekani aliandika kuhusu watu wanne waliohitaji matibabu baada ya kutazama filamu ya kutisha ya The Exorcist. Nakutajia si kwa kukuogopesha, bali ujue kwamba ukienda kwa daktari kwa sababu ya muvi hutakuwa wa kwanza, na hakuna mtaalamu anayejua kazi yake atakayekucheka.

Nenda ana kwa ana kama ukifika mwezi na zaidi tangu usiku ule na bado hulali. Kama umeanza kukosa vipindi au mitihani. Kama unakunywa ili usinzie. Kama kumbukumbu za baba zimefumuka na kukulemea. Kama unapata vipindi vya ghafla vya moyo kwenda mbio na kuhisi unakufa. Usingoje hata siku moja kama unasikia sauti au kuona watu mchana ukiwa macho kabisa, au ukipata mawazo ya kutaka kufa. Hapo mwambie mtu usiku huo huo, akusindikize.

Pa kuanzia ni karibu. Chuoni ipo ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Ulizia mshauri nasaha. Mjini Iringa unaweza kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, useme unahitaji huduma ya afya ya akili, na likihitajika jambo kubwa zaidi, watakuelekeza hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mbeya. Najua jina linaloogopesha familia nyingi ni Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma. Kumwona mtaalamu kwa ajili ya usingizi na hofu hakumaanishi utapelekwa Dodoma. Wengi wa wanaokuja kwetu wanazungumza, wanapewa njia za kufanya nyumbani, wanarudi baada ya wiki mbili, na jioni ile ile wanakula chakula kwao.

Ukifika, usianze na filamu, maana utatumia muda wote kuisimulia. Anza na usingizi: unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi, tangu lini. Kisha kukabwa. Kisha baba, hata kama ni kwa sentensi moja kama uliyoniandikia mimi, ila safari hii usiseme "labda". Mambo hayo matatu yanatosha kwa siku ya kwanza.